Kompyuta Iliyopimwa Begani

Mwalimu Pantaleo alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ule unaoisha kwa maji ya moto na chai ya tangawizi. Huu ulikuwa uchovu uliohamia mwilini, ukapanga chumba, ukaanza kuleta na vyombo vyake.

Alikuwa mwalimu wa kwaya. Hapo Ifakara mwalimu wa kwaya ni mtu anayetunga nyimbo, anayeandika nota, anayepiga kinanda, anayepatanisha wanawake waliogombania sare, na anayezunguka kwenye vigango, makanisa madogo ya vijijini, kufundisha. Jumatano yuko Namawala, Alhamisi Michenga, Jumamosi Mbingu, na Dominika asubuhi anasimama parokiani, mikono juu, mgongo kwa waumini. Kazi hiyo aliianza nywele zake zikiwa nyeusi zote. Mshahara wake uko mbinguni, na mbinguni hawana haraka ya kulipa.

Kilichommaliza ni begi. Siku hizi kwaya haiimbi wimbo usiochapwa. Nota zinapigwa kwenye kompyuta, zinatumwa kwa simu, na mwimbaji wa Mbingu anaimba huku ameinamia kioo cha simu yake kama anasoma meseji ya mchumba. Basi Pantaleo naye alijipatia kompyuta, pana kama sinia, nzito kama jiwe la kusagia. Mfuniko wake ulikuwa umelegea, ameufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Betri ilikufa zamani. Kisha herufi m nayo ikafa, na sijui nani anaweza kuandika wimbo wa kanisa wa Kiswahili bila m. Ikabidi atembee na kibodi nyingine ya kuchomeka. Ongeza chaja, ongeza waya mrefu wa kuufikia umeme wa nyumba ya katekista, ongeza sweta. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, nao hawakuwahi kuliona begi la Pantaleo.

Bega la kulia likashuka. Mganga wa zahanati alilibonyeza akamwambia asibebe vitu vizito, akampa vidonge, akaita mgonjwa mwingine.

Kila alikopita alipewa pole. Pole na safari, mwalimu. Pole na tope. Pole na mzigo. Naye alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa akipewa pole anaitika, "Asante, nishapoa." Alisema nishapoa akiwa amelowa chapachapa. Alisema nishapoa akiwa na homa. Alisema nishapoa hata siku pikipiki ilipomwangusha kabla ya kufika Namawala, begi likamfuata huko huko chini likamkalia kifuani. Pole ni kitu kizuri, lakini haijapata kumpokea mtu begi.

Jumamosi moja masika yakielekea ukingoni, baada ya mazoezi ya Mbingu, aliliachia begi likaanguka kwenye sakafu ya kanisa.

"Jamani," akasema, "begi hili litaniua."

Alikuwa anataka kusema amechoka. Alikuwa anataka kusema watafute mtu mwingine. Lakini mtu mzima haanzi na maneno hayo. Anaanza na begi, akitumaini kwamba mwenye masikio atafika kwenye mengine mwenyewe.

Agnella alikuwepo. Alikuwa katibu wa kwaya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwimbaji wa sauti ya pili, mkulima wa mpunga Michenga, mama wa watoto watatu. Akisikia tatizo hatulii mpaka alitatue. Siku ile alisikia begi, akaitisha kikao cha begi.

Kwaya nzima ikaenda kuvuna mpunga wa tajiri mmoja kwa ujira. Wakainama na miundu yao Ijumaa baada ya Ijumaa, wakiimba nyimbo za Pantaleo humo humo mashambani, na yeye hakuambiwa. Alikuja kuambiwa Dominika, nje ya kanisa, kwa makofi: mwalimu, tumepata fedha ya kukununulia kompyuta ndogo, nyepesi, ya kutembea nayo. Ukachague mwenyewe.

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake," alisema mwenyekiti wa kwaya, mzee Obadia. "Lakini wewe, mwalimu, nundu yako tumeamua tuipunguze."

Angesema nini? Watu wamevunja migongo kwa ajili ya bega lake. Kukataa kungekuwa kuwatemea mate usoni. Akasema asante, akasema Mungu awabariki, na moyo wake ukaketi chini kama mtu aliyekosa gari la mwisho.

Maana begi lile, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa mlango wake wa kutokea. Siku moja lingemshinda kabisa, naye angesema, mnaona wenyewe, mzigo umenishinda, kwaherini. Hakuna ambaye angemlaumu. Sasa mlango huo unafungwa, tena kwa upendo.

*

Jumatatu walikwenda dukani kwa Haidari, yeye na Agnella. Haidari alikuwa na duka la simu na kompyuta mjini Ifakara, mtaa mmoja na wauza mchele. Baba yake aliuza vitenge, yeye akahamia kwenye chaja. Alikuwa mchangamfu mno kwa mtu aliyechoka kumsikiliza.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu, dada. Mnataka mashine ya ofisi au ya kutembea nayo?"

"Ya kutembea nayo," alisema Agnella. "Ndogo. Nyepesi. Betri ikae mpaka mazoezi yaishe. Huko vigangoni umeme ni wa kuomba."

Haidari akaanza na kubwa, kama kawaida ya wauzaji, mgeni kwanza apewe asichotaka. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, inawaka taa chini ya herufi. Pantaleo akaiinua kwa mkono wa kushoto, akairudisha mezani. Ya pili ilikuwa nyembamba kama sahani, ya bati la fedha, na Haidari alipotaja bei yake Agnella alicheka kwa heshima. Ya tatu ikatolewa chini ya meza. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, kingo zake zina mpira, imetumiwa huko Ulaya na watoto wa shule. Kwenye mfuniko palibaki alama ya karatasi ya gundi iliyobanduliwa, umbo la samaki.

"Hii wanaidharau kwa sababu ya udogo," alisema Haidari. "Lakini haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi. Ikianguka, inaruka. Ukiichaji asubuhi, jioni bado ina uhai."

"Uzito?" aliuliza Agnella.

Haidari hakujibu kwa mdomo. Aliichukua, akavuka barabara mpaka kwa jirani yake muuza mchele, akaiweka kwenye mizani mahali pa ndoo ya mchele, chaja yake juu. Mshale ukatikisika kidogo tu. Muuza mchele akasema hiyo hata pilau ya watu kumi haitoshi. Wote wakacheka, isipokuwa Pantaleo.

Ndipo akaanza kuitafutia kasoro. Lazima ingekuwa na kasoro.

"Kioo ni kidogo. Macho yangu haya, nota zitaonekana kama chawa."

Haidari akagusa hapa na pale, nota zikakua.

"Huko kwetu tunafundishia barazani. Juani haitaonekana."

Wakatoka nayo nje. Jua la kiangazi lilikuwa kali kweli, na kioo kilififia, lakini Agnella akasimama upande wa jua akatupa kivuli cha kanga yake, na maneno yakasomeka.

"Programu yangu ya nota ni nzito."

Agnella alikuwa nayo kwenye flashi, alijipanga tangu juzi. Wakaiweka. Ikafunguka taratibu, kama mzee anayeamshwa, lakini ikafunguka.

Akabaki na kibodi. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akapakata kile kikompyuta, akajaribu kuandika mstari wa wimbo wake mpya. Vidole vyake vilikuwa vya jembe kabla ya kuwa vya kinanda. Kila alipobonyeza kimoja viliitika viwili. "Bwana" likatoka "Bwsnaa". Akafuta. Likatoka "Nwana".

"Unaona?" alisema, na alishangaa jinsi alivyofurahi. "Haifai. Vidole vyangu vikubwa."

"Hebu, mwalimu." Agnella akaipokea, akaiweka gotini. Akaandika mstari ule wa sauti ya kwanza, halafu bila kuulizwa akashuka chini akaandika na sauti ya pili, anaimba kimoyomoyo, kichwa kinayumba kidogo. Pantaleo akamtazama. Sauti ile ya pili yeye alikuwa bado hajaitunga. Ilikuwa nzuri. Palikuwa na mahali pamoja ilipanda ambapo yeye angeishusha, na kupanda kwake ndiko kulikokuwa sahihi.

"Inaandika vizuri tu," alisema Agnella, akidhani wanazungumzia kibodi. "Utazoea. Sasa tuone begani."

Pantaleo akanyoosha mkono. Agnella akamzuia.

"Bega lako bovu, mwalimu, litatudanganya. Lenyewe hata kanzu linaiona nzito. Acha nikupimie mimi."

Akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe wa kitambaa, pamoja na chaja, akauvaa begani, akatembea. Alipita kwa muuza mchele, akapita kwa mkamua miwa, akafika penye pikipiki za abiria, akasimama akasalimiana na mtu anayefahamiana naye, akasema mambo mengi kwa mikono, akarudi. Mkoba ulilala ubavuni mwake kana kwamba umezaliwa hapo.

"Mwalimu," alisema, "nilisahau kama nimebeba kitu!"

Pantaleo aliona wivu. Tuseme ukweli, aliona wivu, kwanza wa bega lile zima, halafu wa ile sauti ya pili. Na nyuma ya wivu kukaja kitu kingine, kipole, kama kivuli kinachofika ulipokaa bila wewe kuhama. Hakukipa jina pale pale.

"Tuchukue hii," alisema.

Agnella akapiga makofi. "Alhamdulillah," akasema Haidari, akaanza kutafuta boksi. Ndipo Agnella, kwa furaha yake yote, akasema neno ambalo hakujua uzito wake.

"Sasa hata njia ya Mlimba utafika! Padre Nikodemu alisema vigango vya huko vinakulilia siku nyingi, tukasema mwalimu ana mzigo. Sasa mzigo hakuna."

Hivyo ndivyo ilivyo. Punguza begi, watu wanaongeza njia.

*

Jioni ile mkewe, Stefania, alimkanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto, uani, kuku wakipita pita miguuni. Boksi lilikuwa juu ya stuli, halijafunguliwa. Agnella alikuwa amesema lisifunguliwe mpaka Dominika, litabarikiwa kwanza.

"Umewaambia?" aliuliza Stefania.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba umechoka."

"Nimewaambia mara ngapi! Wananipa pole."

"Na wewe unajibu nini?"

Kitambaa kilikuwa kinaunguza.

"Nishapoa," alisema Pantaleo.

"Basi wamekukosea nini?" Stefania akakamua kitambaa. "Unawaambia watu umepona halafu unanuna hawakuletei uji."

Alikasirika. Alikasirika kwa sababu mkewe alisema kweli, na hasira ya namna hiyo ndiyo inayokaa muda mrefu. Akala amenuna. Lakini wakati anaosha mikono aliuona tena ule mkoba wa kitambaa ukienda na kurudi barabarani, na safari hii akakipa kile kitu jina lake. Kilikuwa nafuu.

*

Dominika ilifika na vigelegele vyake. Baada ya komunyo wanawake wa kwaya waliingia kwa kucheza kutoka mlango mkubwa, sare za bluu, hatua mbili mbele na moja nyuma. Agnella alikuwa wa kwanza. Kichwani alibeba ungo, ndani ya ungo kanga mpya, juu ya kanga ile kompyuta ya kijivu, imefunguliwa mdomo wazi ili watu waione. Baadhi walisimama juu ya mabenchi na bado hawakuiona. Bibi mmoja alisikika akiuliza kama hicho kidogo ndicho walichovunia mpunga wote ule.

Padre Nikodemu akaletewa maji ya baraka. Sasa, Padre huyu alikuwa amezoea kubariki matrekta na mashine za kukoboa, na mkono wake haukujua kitu kidogo. Alichovya, akauinua mkono mpaka juu. Pantaleo alipiga hatua akachelewa. Agnella hakuchelewa. Alikuwa ameshautua ungo, na kabla tone halijafika aliifunika kompyuta kwa kanga na juu ya kanga akaweka kifua chake. Maji yote yakamwishia mgongoni. Kanisa likacheka, Padre naye akacheka, akasema baraka imepita hata hivyo.

Pantaleo hakucheka. Mtu halindi hivyo kitu cha mwenzake.

Wakampa maiki. Hapo ndipo mpokeaji hushukuru, watu wakapiga vigelegele, kinanda kikaitika, mambo yakaisha. Alisimama. Alizoea kuwapa mgongo watu hawa, na nyuso zao zilikuwa nyingi kuliko alivyofikiri.

"Nawashukuru sana," alisema. Halafu akasema, "Nimechoka."

"Pole, mwalimu!" kanisa zima likaitika kwa sauti moja, vigelegele juu, na mpiga kinanda akashindilia nota tatu za furaha.

Ilikuwa zamu yake kuitika. Walimngojea. Neno lilikuwa ulimini, limevaa viatu, tayari kutoka.

"Hapana," alisema. "Sijapoa."

Kinanda kikanyamaza. Mtoto mmoja akalia akanyamazishwa.

"Nimekuwa nikiwaambia nimepoa. Nilikuwa nawadanganya, mnisamehe. Nililalamikia begi kwa sababu begi halina aibu. Kilichochoka ni mimi. Mmenipunguzia mzigo, na Mungu anajua nilivyolia kwa wema wenu, lakini mimi hata mkinipa karatasi tupu nibebe mpaka Mbingu, sifiki. Naomba kupumzika. Kabisa."

Hakuna aliyesema pole. Mzee Obadia aliinamisha kichwa kama mtu aliyegundua amekalia kofia ya mwenzake. Padre alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

"Kompyuta hii haikupimwa begani kwangu," Pantaleo akaendelea, sauti imeshuka. "Ilipimwa begani kwa Agnella. Ikae hapo ilipopimwa. Sauti ya pili ya wimbo mpya mtakaoufundishwa ni yake, na ni bora kuliko ningeiandika mimi."

Agnella alikuwa bado amepiga magoti kando ya ungo, mgongo umelowa. Akainuka taratibu. Uso wake haukuwa wa mtu aliyepewa zawadi. Akamsogelea mpaka maiki isisikie.

"Mwalimu, mimi nina shamba. Nina watoto."

"Najua. Hata mimi nilikuwa navyo."

"Nami nitachoka."

"Utachoka," alisema Pantaleo. Alitamani kumwambia jambo tamu, hakulipata, akamwambia alilokuwa nalo. "Siku ukichoka, useme umechoka. Usiseme begi."

Agnella alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua maiki yeye mwenyewe.

"Nitabeba," aliwaambia watu. "Namawala, Michenga na Mbingu. Wakati wa kupanda na wa kuvuna, siendi popote. Na Mlimba siendi."

Padre akakohoa. Mtu mmoja nyuma, mwanamke, akapiga kigelegele kimoja kifupi, na hakikuwa cha sherehe.

Ukabaki wimbo wa kutokea. Pantaleo hakujua aende wapi. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye mabenchi ya kanisa lile tangu aanze kazi. Wanaume wa benchi la tatu wakasogea, akaketi. Ubao ulikuwa mgumu kuliko alivyodhani, na kwaya ilionekana mbali.

Agnella akasimama mbele, akawapa watu mgongo wake uliolowa, akainua mikono. Wimbo ukaanza. Ulikuwa wa Pantaleo, ule wa zamani unaojulikana na kila mtu. Kwenye mstari wa pili sauti ya tatu ikachelewa kuingia, kama inavyochelewa siku zote, na mkono wa kulia wa Pantaleo ukainuka wenyewe kutoka gotini kwenda kuiita.

Akaushusha. Ukainuka tena. Akaukalia.